Januari ya Mansura na Blanketi la Chui

Zuhura mwanangu,

Kabla hujapanda ndege kesho asubuhi, ujue kwamba unatoka kwenye nyumba ya mtu mwenye bahati. Sizungumzii bahati ya kuokota riyali njiani, hiyo hata paka wa Mansura wanayo. Watu wa Tanga wamekuja Doha wengi, wapishi, madereva, walinzi, wengine na vyeti vilivyogongwa mihuri mpaka maandishi hayaonekani, na hakuna hata mmoja aliyejaza kuponi moja, moja tu, kwa kalamu ya kuazima kwa mtu wa kaunta, akaitwa jina lake kwenye kipaza sauti mbele ya umati wa kila taifa, akatoka dukani na blanketi la chui begani kama sultani. Baba yako alitoka nalo. Hadithi hii umeisikia mara nyingi kuliko wimbo wa shule.

Na leo jioni nimekuona ukilikunja hilo blanketi, ukaliweka chini kabisa ya sanduku, halafu ukakalia kifuniko ili zipu ikubali. Mama yako akakwambia Kampala kuna mablanketi, acha kubeba mzigo. Ukamjibu, "Hili ni la bahati ya baba, nitalilalia kwenye mitihani." Nikacheka. Nikaenda bafuni nikafungua bomba, nikakaa kwenye kingo za sinki bila kunawa chochote.

Mambo ya kila siku sitakuandikia. Mama yako ameshakupa orodha ya kurasa tatu, ya dawa za malaria, chumvi, soksi na namna ya kuficha pesa kwenye mfuko wa taulo za kike, na mimi niliyeishia darasa la saba nitaongeza nini hapo. Mimi ninajua barabara, magari, lugha tano za kutukania watu kwenye foleni, na ninajua mwezi mmoja. Mwezi huo ndio nitakuandikia. Januari ya Mansura, mtaa wetu wa zamani hapa Doha.

Ulikuwa na miaka sita. Unaikumbuka kama sikukuu, nimekusikia ukiwahadithia wenzako: tuliogea darini kwenye jua, tulilala watatu kitanda kimoja, baba akaleta maboksi tukajenga nyumba chini ya godoro. Mwanangu, ile haikuwa sikukuu. Nikiikumbuka napandwa na hasira mpaka leo, na mbaya zaidi hasira zenyewe nimezigawa vibaya miaka yote hii. Waliostahili niliwachekea. Asiyestahili nilimpa zote.

Nianze na wale wa nyumbani wanaosema Uarabuni hakuna baridi. Waje walale Mansura Januari, kwenye sakafu ya vigae, upepo wa kaskazini ukipiga, chumba kina dirisha moja na kwenye dirisha hilo imechomekwa AC kongwe yenye mwanya unaopitisha mkono wa mtu mzima. Chumba chetu kilikuwa pande la vila iliyokatwakatwa kwa kuta za jipsamu kama keki ya harusi. Ilijengwa kwa ajili ya familia moja, tukawa tunaishi watu ishirini na kitu, jiko moja, mabafu mawili. Mwenye nyumba hatukuwahi kumwona. Tulimjua mtu wa kati, mkusanya kodi, mwenye funguo nyingi kiunoni kama askari jela.

Huyo mtu, mwezi wa baridi ulipoanza, alimleta fundi akakata nyaya za hita bafuni. Eti umeme unakwenda mwingi. Kiangazi maji ya tangi la darini yanatoka yamechemka, huwezi kunawa uso, na hita haina kazi. Januari maji yanatoka kama yamelala kwenye friji, na hapo ndipo anapoikata. Nikamfuata ngazini.

"Rafiki, kwa hiyo hita yako ni ya Julai?"

"Mafi mushkila," akaniambia, hakuna tatizo. "Baridi ni mwezi mmoja tu."

Mwezi mmoja tu. Nikacheka naye. Nikampiga bega. Ndiyo hivyo nilivyokuwa, mtu akinivua shati namsifia mikono.

Wa pili ni kampuni. Kwenye karatasi nilikuwa msimamizi wa usafiri, ndiyo maana nikapata ruhusa ya kuwaleta wewe na mama yako. Mfukoni nilikuwa dereva. Mshahara wa Desemba haukuingia. Nikaenda kwa mhasibu, akaniambia bukra. Bukra ni kesho. Kesho nikaenda, bukra. Nilihesabu kesho thelathini na tisa kabla ya mshahara kutoka, na siku zote hizo nilikuwa nampeleka meneja kula samaki baharini, nikimsubiri nje garini na tumbo likiunguruma kuliko injini. Akitoka ananiuliza, "Athumani, maisha?" Namjibu, "Safi kabisa, bosi." Ningeweza kumwambia. Alikuwa amekaa nyuma yangu hatua moja. Miaka kumi na miwili baadaye bado namjibu yule mtu kichwani nikiwa peke yangu barabarani, namjibu vizuri sana, kwa hoja, lakini hayupo.

Sasa tuje kwa wa tatu, ambaye ni mimi.

Mwezi mmoja kabla, shangazi yako Mwajuma aliposwa. Nikapiga simu Tanga kwa kadi, bibi yako akaweka spika, na mimi nikasikia kwamba chumba kimejaa wanawake. Weka watu wanaosikiliza mbele ya baba yako, halafu ondoka usiangalie. Nikasema bibi harusi nitamletea mablanketi mawili ya Kikorea, mazito, kilo sita moja, ya manyoya, mtu akilala hasikii adhana. Vigelegele vikapita kwenye waya mpaka kadi ikaisha.

Fikiria, Zuhura. Tanga. Mji ambao mtu hulala na kanga moja, tena kaiweka miguuni, na bado anajipepea. Nikaenda kuyanunua kwa mshahara wa mwisho nilioupata, nikayaweka juu ya kabati kwenye mifuko yake ya plastiki yenye zipu, tukisubiri mwenzetu Hamisi aende likizo ayabebe. Wakati huo ndipo mshahara ukawa bukra na upepo ukaanza. Sisi tulikuwa na shuka mbili na blanketi jepesi la ndegeni ambalo sitaeleza nililipataje.

Mama yako akaniambia kwa upole, "Baba Zuhura, moja libaki. Mtoto anatetemeka."

"Nimeshatangaza."

"Basi tangaza tena."

"Kilo zimeshahesabiwa kwenye begi la Hamisi."

Hamisi akaja, akayabeba yote mawili, kilo kumi na mbili za manyoya kuelekea kwenye joto. Huo ndio ujinga wetu sisi tulioko huku, na sijaona taifa lingine linalotuzidi. Tunaganda ili nyumbani watokwe jasho kwa jina letu. Miaka mitatu baadaye nilipokwenda likizo nilikuta moja bado liko ndani ya plastiki yake juu ya kabati la bibi yako. Wageni wakija linateremshwa, wanalipapasa, linarudishwa. La pili mume wa Mwajuma alilitandika sakafuni watoto wachezee, likakojolewa.

Basi mama yako akashika nyumba. Alikaa kwenye kitanda akanyoosha kiganja.

"Nipe ulichobaki nacho."

Nikampa.

"Na cha kwenye soksi."

"Soksi gani?"

"Ya kushoto."

Nikampa nusu ya cha kwenye soksi, nikabakiza nusu, na hiyo nusu tutairudia.

Mwanamke yule hakuwa na la kufanya ila kuunyoosha mwezi kama unavyonyoosha unga wa chapati ukiwa mdogo na wageni wengi. Na aliyemfundisha kuunyoosha ni jirani yetu wa ukuta wa pili, yule mlinzi Mganda unayemjua kwa jina la Bwana Kibanio. Jina hilo nililitunga mimi. Wenzake walimwita Salongo, yaani baba wa mapacha, maana kwao mtu akizaa mapacha hupewa heshima hiyo mpaka afe. Alikuwa na kitanda kimoja kwenye chumba cha watu wanne, analinda jengo usiku, analala mchana. Nilimwita Kibanio kwa sababu majani yake ya chai ya mfuko aliyachovya, akayaanika kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, akayachovya tena. Nilikuwa nikilisema hilo kwenye baraza za Ijumaa watu wanagaragara kwa kicheko.

Mtu huyo ndiye aliyemwambia mama yako jikoni, "Mama Zuhura, unachoma gesi bure. Hii maharagwe loweka leo, pika mara moja ya wiki yote, weka kwa mikebe, kila siku unapasha mkebe moja." Ndiye aliyemwonyesha kwamba basi lao la kazini linapita soko la mboga wakati wa kufunga, na kwamba Januari ndiyo msimu wa mashamba ya huku, kabichi na nyanya ni nyingi na wauzaji hawataki kurudi nazo. Asubuhi akitoka lindo alikuwa anaacha mfuko mlangoni kwetu, kabichi mbili, bizari ya majani, nyanya zilizobonyea. Alitaka alipwe nusu ya gharama yake, si zaidi, si pungufu, na mama yako alipenda hivyo kwa sababu haikuwa sadaka.

Mama yako naye akaongeza yake. Akapika jioni chumbani kwenye jiko dogo, ingawa ilikatazwa, ili mvuke utupashe kabla ya kulala. Akaniagiza maboksi dukani, nikaleta, tukayatandika chini ya godoro na kuziba ule mwanya wa AC kwa gundi ya karatasi. Akajaza chupa za maji, akazivisha mifuko myeusi, akazipanga darini kwenye jua tangu asubuhi, saa nane mchana zikawa na uvuguvugu wa kumwogesha mtoto. Unakumbuka ukicheka. Mama yako alikuwa amesimama upande wa upepo, amelowa mikono, midomo imebadilika rangi, anakukinga kwa mgongo.

Maboksi mawili yalibaki. Salongo akaniomba. Nikampa, nikamwambia, "Salongo, hata boksi huachi. Unataka kujenga ghorofa?" Akacheka, akayabeba. Likumbuke hilo la maboksi.

Na mimi, mkuu wa kaya? Ijumaa ya pili ya mwezi nilikwenda barazani kama kawaida. Huku unaegesha gari mbele ya kibanda cha karak, chai ya maziwa na iliki, unapiga honi, kijana anakuletea vikombe dirishani. Tulikuwa sita. Wote walikuwa wamesikia fununu kwamba kampuni yetu hailipi. Mmoja akasema, "Athumani leo atakunywa maji." Nikapiga honi. Nikaagiza sita, tena na chapati za jibini. Nikalipa kwa ile nusu ya soksi.

Nilirudi nyumbani nimeshiba. Mama yako alikuwa anagawa mkebe wa maharage sehemu tatu. Nikasema sina njaa. Akanusa shati langu, akasema, "Iliki." Neno hilo tu. Akagawa mkebe sehemu mbili. Tangu siku hiyo sinywi karak nikiwa naye, na yeye hajawahi kuuliza kwa nini.

Wiki hiyo hiyo ukaanza kukohoa. Si kikohozi cha kitoto, ni kile kinachomfanya mtoto akunje magoti. Tukakupeleka kituo cha afya, daktari mwanamke akakusikiliza kifua, akaandika dawa, akasema cha muhimu ni joto. Akanigeukia mimi. "Mnamfunika na nini?"

"Blanketi la Kikorea, daktari," nikasema. "Kilo sita."

Sikusema uongo wote. Blanketi lilikuwepo. Lilikuwa Tanga.

Siku ya pili yake alasiri nilikuwa nimekaa nje ya mlango wetu kwenye ngazi, ili nisisikie. Kuta za jipsamu hazina siri, hata mtu akimeza mate anasikika. Salongo akatoka chumbani kwake na macho mekundu, muda wake wa kulala.

"Baba Zuhura, mtoto anakohoa tangu saa nne."

"Atapona. Amepewa dawa."

"Amefunikwa?"

"Tuna blanketi."

"Iko wapi?"

"Limo sandukuni. Tunalitunza."

Alinitazama. Mtu mwembamba, masikio makubwa, anavaa sweta la kazini hata akilala. "Blanketi mnaitunza," akasema polepole, "na mtoto?" Akarudi ndani kwake.

Jioni ile mimi nikaingia na mfuko wa duka mkononi, nikiimba, nikalitoa blanketi la chui, na hadithi ya kuponi ikazaliwa. Ulilala usiku mzima. Kikohozi kikapungua siku ya tatu, siku ya tano ukaomba chapati.

Mshahara ulitoka Februari, wote kwa mpigo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukapumua. Baadaye nikapata kazi bora, tukahamia huku Thumama, jiko letu wenyewe, hita yetu wenyewe. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoanza kumsema Salongo kwa nguvu zote. Uliwahi kujiuliza kwa nini? Mtu wa kati aliyetukatia maji ya moto sikumtungia jina. Mhasibu wa bukra sikumtungia jina. Nilimtungia mtu aliyetuachia kabichi mlangoni. Kila mgeni akija Thumama nilimwigiza anavyoanika majani ya chai, nilikuazima wewe kibanio cha nguo uigize na wewe, na ulikuwa unaigiza vizuri sana, unabana pua. Mama yako alikuwa anainuka kwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Salongo alipomaliza miaka yake ya kazi akaja kutuaga. Alipanda mabasi mawili kuja Thumama. Nilimwona kutoka dirishani anavuka barabara, ameshika mfuko wa machungwa. Nikamwambia mama yako aseme niko kazini. Nikashuka kwa ngazi za nyuma, nikakaa kwenye gari langu mwenyewe maegeshoni dakika arobaini, nimeinamisha kiti. Nilikula machungwa yale. Yalikuwa matamu, na kwa hilo pia nilikasirika.

Sasa juma lililopita. Mama yako alikuwa amezungumza na mke wa Salongo, wakasema chuo chako cha uuguzi kiko dakika kumi kutoka kwao, chumba cha mapacha kiko wazi kwa kuwa wameshaolewa, uje ukae bila kodi, utoe chakula tu. Na wewe mezani, mbele ya wageni, ukasema, "Kwa Bwana Kibanio? Atanihesabia majani ya chai. Bora nikae bweni." Ukabana pua. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nina mazoea.

Walipoondoka mama yako akasimama mlangoni mwa jiko. "Athumani," akasema, na akiniita jina langu ujue hali si nzuri. "Maneno yale si ya mtoto. Ni yako, yametoka kwenye kinywa chake."

"Ni utani tu."

"Kama hutamwambia wewe kabla hajaondoka, nitamwambia mimi uwanja wa ndege, mbele ya watu. Unapenda mbele ya watu."

Kwa hiyo niko jikoni, naandika, kalamu ya benki inaniishia wino, na wewe umelala na sanduku lako liko mlangoni.

Ada ya bweni ninayo, usidhani nakusukuma kwa ajili ya pesa. Ukitaka bweni, nenda bweni. Lakini usiende bweni kwa sababu ya uongo wangu. Huko utafulia, Zuhura. Wanafunzi wote hufulia, na nyumba hii itatuma tutakachoweza na siku nyingine hakitatosha. Ukifulia, sema umefulia. Mwambie mtu mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza saa. Sikukuonyesha namna hiyo. Nilikuonyesha namna ya kupiga honi na kuagiza sita. Mama yako ndiye aliyekuonyesha, na ulikuwa mdogo, ukadhani unacheza na chupa za maji.

Nimezunguka vya kutosha. Salongo atakuwa Entebbe kesho, atasimama pale na karatasi ya jina lako ingawa nimemwambia utamjua kwa masikio. Kwenye simu aliniambia, "Huyo mtoto tulikaa naye ukuta moja." Nilingoja aseme kingine.

Alasiri ile aliporudi ndani kwake, hakufunga mlango. Nilimwona anatandua kitanda chake. Akatoka na blanketi amelikunja kama bendera, akaniwekea mapajani pale ngazini.

"Baba Zuhura, mimi usiku niko kazini. Hii blanketi inalala peke yake. Mpe mtoto."

Nikasema nitalirudisha.

"Mimi sijauliza," akasema.

Nililishusha barabarani, nikaomba mfuko kwenye duka la pembeni, nikalitia, nikasubiri magharibi ipite ili nionekane nimetoka mbali. Mama yako alilijua mara moja, alikuwa ameliona mara nyingi likianikwa darini. Alinitazama nikikusimulia habari za kuponi na kipaza sauti, na Salongo naye alikuwa upande wa pili wa jipsamu, anavaa viatu vya kwenda lindo, anasikia kila neno. Asubuhi yake ulimkimbilia jikoni ukamwambia baba ameshinda blanketi la chui. Akachuchumaa akaligusa, kama hajawahi kuliona, akakwambia, "Baba yako ana bahati sana."

Wiki mbili baadaye nilipita mbele ya chumba chao usiku, mlango uko nusu wazi. Kumbe walishamhamishia lindo la mchana, hakumwambia mtu. Alikuwa amelala na koti la ulinzi, na juu ya koti amejifunika yale maboksi mawili. Nilisimama. Ningeweza kurudi ndani nikalichukua blanketi. Ningeweza kumwamsha nikasema asante, au samahani, au lolote. Nilivuta mlango wake taratibu nisije nikamwamsha, na kesho yake barazani nikawaambia watu kuna Mganda mmoja bahili analala ndani ya boksi.

Mpe blanketi lake kesho, au mwambie umelala nalo miaka kumi na miwili, uchague mwenyewe. Kuponi haikuwepo. Hakuna duka lililoniita, hakuna umati, hakuna kalamu ya kuazima. Sijashinda kitu chochote maishani mwangu, Zuhura. Ile bahati niliyoanzia barua hii ni uongo.